Pale nywele mbili zinapokutana: siku moja maishani mwangu

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijaongea na mtu, mkono umeshafika kichwani. Nalala na kilemba cha satini kila usiku, maana pamba hunyonya unyevu na kuzisugua ncha mpaka asubuhi. Nakifungua, napuliza maji kidogo juu ya misokoto yangu, napaka mafuta kiasi cha ncha ya kidole, basi. Nywele hizi zote sasa ni zile nilizozaliwa nazo. Nilitiwa dawa ya kunyoosha nywele mara ya kwanza nikiwa na miaka 9, nikaiacha nikiwa na miaka 27, na ilinichukua miezi 22 mpaka kipande cha mwisho chenye dawa kilipodondoka sakafuni.

Mimi ni msusi. Wengi wanaokaa kwenye kiti changu siku hizi wameacha dawa, au wanataka kuiacha na wanaogopa.

Saa 1:30 asubuhi

Naanza na machanuo. Nayaosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha kila jino nalipitisha juu ya ukucha. Machanuo mengi ya plastiki hutoka kwenye kalibu yakiwa na mstari mwembamba katikati ya jino. Kwa macho huuoni, lakini ukucha unausikia. Kwa nywele yenye afya mstari ule si kitu. Kwa nywele iliyokonda ni kisu. Leo nimetupa chanuo moja.

Nachemsha mbegu za kitani na kuchuja ute wake ungali wa moto, maana ukishapoa haupiti kwenye kitambaa. Nafagia. Nafungua mlango.

Saa 2:15 asubuhi

Mteja wa kwanza ana miezi 8 tangu aache dawa. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, zilizojikunja sana huwa pungufu kidogo ya hapo, na kweli rula yangu inasoma 7 na nusu juu ya sikio. Kutoka hapo kwenda chini zimenyooka kama uzi. Kwa mbali unaona kichwa kimoja tu. Shika unywele mmoja kati ya vidole viwili, uuteleze kutoka kwenye ngozi kwenda nchani: utasikia vikunjo vidogo vidogo, halafu ghafla utelezi. Pale ndipo mpaka ulipo, na pale ndipo unywele unapokatika.

Namweleza kila anapokuja, na kila mara anauliza tena, nami sichoki. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za keratini zimeshikana kwa madaraja ya salfa. Dawa huyavunja madaraja hayo na kuacha mahali pake kiungo kingine ambacho hakirudi kilivyokuwa. Hakuna kuosha wala kupaka kunakorudisha mkunjo uliokwisha kunyooshwa. Mkunjo mpya unatoka kwenye kitundu kilicho ndani ya ngozi, ambacho dawa haikukibadilisha umbo. Kwa hiyo kichwani mwake kuna nywele mbili zenye tabia mbili, zimeungwa mahali dhaifu kuliko pote.

Nazigawa mafungu 8. Fungu moja linafunguliwa, saba yanabaki yamebanwa. Nalowesha, napaka kondishena nyingi mpaka nywele iteleze mkononi, kisha naanza kwa vidole. Chanuo linakuja baadaye, lile la meno mapana, nalo linaanzia nchani. Mkono wa kushoto unashika juu kidogo ya mpaka, ili kila mvuto wa chanuo uishie kwenye ngumi yangu usiufikie mpaka wenyewe. Hii ndiyo kazi yangu yote, nikisema kweli. Mengine yote ni nyongeza.

Mapajani nimetandika taulo jeupe. Kila unywele unaotoka naulaza pale. Wenye kichwa cheupe mwishoni umejing'oa wenyewe, umemaliza muda wake. Kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Usio na kichwa cheupe umekatika. Hizo ndizo ninazohesabu.

"Dada, kuna dawa ya protini nimeiona, wanasema inatibu nywele zilizoharibika," ananiambia.

Nachukua unywele mmoja uliolowa na kuuvuta taratibu mbele yake. Unavutika, unavutika, unabaki umerefuka kama mpira uliochoka, haurudi. Nywele ya namna hiyo inahitaji protini kweli, maana protini hupenya kwenye nyufa na kuushikilia unywele kwa muda, mpaka maji ya kuosha yaitoe. Ila haitibu. Unywele uliokwisha toka nje ya ngozi hauna uhai, na kisicho na uhai hakiponi kidonda. Ungekatika mara tu ninapouvuta, ningemwambia aache protini na atafute unyevu. Namwandalia protini leo, mara moja kila baada ya wiki 5 au 6, si zaidi. Ikizidi, nywele hukauka kama bua.

Mafuta ya nazi nampaka kabla ya kuosha. Ni miongoni mwa mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele, na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mafuta mengi mengine hukaa juu tu na kuzuia unyevu usitoke, nayo ni kazi njema, lakini ni kazi nyingine.

Kisha rola. Upande wa juu nausokota, ncha zilizonyooka nazizungushia rola nyembamba, ili zikikauka zote zionekane za aina moja. Maji hulegeza viungo vidogo ndani ya unywele, na unapokauka viungo vinajifunga upya katika umbo ulilolishika. Ndiyo maana mteja asipozikausha kabisa, umbo halishiki. Sitaki atumie pasi. Pasi ya moto juu ya nywele yenye unyevu hufanya maji yachemke ndani ya unywele na kuacha mapovu, na penye povu patakatika.

Amekaa kwangu kwa muda wa saa mbili na nusu. Namwachia achague kofia ya draya yenye joto la chini au hewa tu, anachagua hewa kwa kuwa ana haraka ya kuondoka. Nimemwambia asifungue rola kabla ya jioni.

Saa 5:00 asubuhi

Mwanamke mpya. Anavua kitambaa taratibu, macho yako chini. Anataka nimpe mafuta ya kuotesha utosini. Amekwisha nunua aina nne, na aliyemuuzia amemwambia avumilie.

Nawasha taa ya kichwa. Utosi umepungua kwa duara, na ngozi pale inang'aa. Natafuta vitundu vya nywele, vidogo kama ncha ya sindano, na sehemu kubwa sivioni. Namuuliza kama panawasha au kuuma. Anasema panachoma usiku.

Simgusi. Upungufu unaoanzia utosini na kusambaa nje, ngozi ikiwa laini na yenye kung'aa, unaweza kuwa ni ugonjwa unaoacha kovu chini ya ngozi. Kitundu kikishageuka kovu, hakioteshi tena, hata umpake nini. Lakini vile vilivyobaki vinaweza kuokolewa, na wa kuviokoa ni daktari wa ngozi, mapema. Namwandikia kwenye karatasi nilichokiona ili akamwonyeshe. Namwomba asisuke rasta za kubana kwa sasa, asitie dawa, asichome.

Analia kidogo. Nakaa naye. Simtozi kitu, na sijui kama nimesema maneno ya kutosha.

Saa 7:30 mchana

Nakula nikijibu ujumbe. Nusu ya ujumbe wa wiki hii unauliza kama dawa ya nywele inaleta saratani, na ni swali la haki. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliokuwa wametumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia utafiti walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata saratani ya mji wa mimba kuliko wasiotumia. Kwa hesabu yao, uwezekano wa kuipata kabla ya kutimiza miaka 70 ulikuwa 1.64% kwa wasiotumia kabisa, na 4.05% kwa watumiaji wa mara kwa mara. Ni uhusiano uliopimwa, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Ninaandika hivyo hivyo, tarakimu zote mbili, maana mtu akipewa neno "maradufu" peke yake anaogopa bila kujua ukubwa wa anachokiogopa. Kila mtu ataamua na kichwa chake. Mimi nilishaamua.

Saa 9:00 alasiri

Mama mmoja na binti yake wa miaka 8.

"Shikamoo," mtoto ananiambia, kisha anajificha nyuma ya mkono wa mama.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae, kiti kinapanda juu."

Mama anataka mtoto atiwe dawa. Hasemi kwa ubaya. Anasema kila asubuhi ni vilio, chanuo halipiti, wote wawili wanaanza siku wamekasirikiana. Ameona kopo lenye picha ya mtoto na maandishi kwamba ni dawa laini.

Namwambia ninachokijua. Kipimo cha pH, kinachoonyesha asidi au alkali, kwa nywele ni kati ya 4.5 na 5.5. Cha dawa ni 12 mpaka 14, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara 10 ya ile iliyotangulia. Dawa kali ina sodiamu hidroksaidi, ile ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Ile inayoitwa laini mara nyingi huchanganya kalsiamu hidroksaidi, ambayo ni chokaa, na kimiminika chenye kemikali iitwayo guanidini. Huwasha ngozi kidogo kuliko nyingine, ni kweli. Lakini madaraja ya salfa inayavunja vilevile, na chokaa yake hubaki juu ya nywele na kuzikausha.

Halafu namwambia langu. Nilikuwa na miaka 9. Walinipaka mafuta ya mgando kuzunguka paji na masikio, wakapaka dawa, ikaanza kuchoma. Nikasema inachoma. Msusi akasema vumilia dakika chache ili ishike vizuri. Nikavumilia, kwa sababu nilitaka kuwa mtoto mzuri. Usiku ule maji ya njano yalitoka kichwani yakakauka na kushikamana na mto, na asubuhi mama yangu alilowesha mto kwa maji ya uvuguvugu ili aweze kuninyanyua. Nina doa nyuma ya sikio la kulia ambalo halijaota nywele mpaka leo. Nageuza kichwa, namwonyesha.

Mama haongei. Namwomba anipe dakika 40 na mtoto.

Mafungu 6. Maji, kondishena, vidole. Namwonyesha mama wapi pa kushika, namwachia fungu la tatu alifanye mwenyewe. Anaanzia juu, kwa mazoea, mtoto anakunja shingo. Namrudisha nchani. Fungu la tano mtoto ameanza kunisimulia habari za paka aliyejifungua, ananionyesha kwa vidole ukubwa wa kila kinda. Hajanyamaza mpaka nilipomaliza kusokota. Mama ameniuliza kondishena ile inatosha kutumia kiasi gani.

Saa 11:00 jioni

Huyu nimemngoja wiki nzima. Ana miaka 61, alitiwa dawa tangu ujana, akaiacha, na kwa miezi 14 amekuwa akija nimsuke bila kugusa mkasi. Leo kaniambia kwenye simu: "Mwanangu, kata."

Nywele kavu hudanganya, kwa hiyo namlowesha kwanza. Zikilowa, mpaka unajitokeza wenyewe: juu zinajikunja na kurudi kwenye ngozi kama zimeitwa, chini zinaning'inia bila nguvu. Nashika fungu, nangoja maji yadondoke, naweka mkasi milimita chache juu ya mahali mkunjo unapoishia. Ukikata palepale mpakani, mabaki ya dawa hubaki nchani na kufunga mafundo.

Nakata polepole. Anashika vipande mapajani, anavipanga kama anavihesabu. Nilipofika nyuma, akapeleka mkono kisogoni, akaupandisha mpaka utosini, akaurudisha tena.

"Nasikia upepo hapa," akasema.

Sikumjibu chochote. Nilimsogezea kioo cha pili ili aone nyuma, akakikataa, akaendelea kujipapasa akiwa amefumba macho. Nimempaka ute wa kitani kidogo, vikunjo vikashikana vyenyewe, vidogo kuliko nilivyotarajia mbele na vikubwa nyuma. Kichwa kimoja huwa na mikunjo ya namna mbili au tatu. Yeye hakujua. Angejuaje?

Saa 2:00 usiku

Nafagia. Nywele za leo zinajaza nusu ya ndoo, karibu zote zimenyooka.

Simu inalia. Ni mteja wa asubuhi, katuma picha. Kulia kumependeza, kushoto ncha zimelala. Amefungua rola saa 9 kabla hazijakauka. Namwambia azipulizie ncha tu, azifunge tena, alale nazo na kilemba.

Natoa daftari. Wa saa 5: apigiwe simu Alhamisi, nijue kama ameonwa na daktari. Binti wa miaka 8: mafungu 6, arudi wiki 2, mama afanye mwenyewe nikiangalia. Mama wa jioni: anione mwezi ujao, ncha tu. Halafu nakunjua lile taulo jeupe la mteja wa asubuhi, nahesabu mara ya pili kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini. Zilizokatika mpakani, mwezi uliopita: 31. Leo: 12.