Boi wa miaka hamsini

Nilikuwa na miezi minne Memphis nilipomkera mzee wa watu bila kukusudia. Tulikuwa mapumzikoni, zamu ya usiku ghalani, nami nikisimulia habari za babu yangu aliyempikia setla mmoja karibu na Naivasha. Nikasema, kama tunavyosema nyumbani, kwamba babu alikuwa hausiboi. Mzee, Mmarekani mweusi anayekaribia kustaafu, akaacha kutafuna. "Alikuwa na umri gani?" Nikapiga hesabu: hamsini na kitu, tayari ana wajukuu. Mzee hakuongeza neno. Alifunga kopo lake la chakula akaenda zake.

Jumamosi akanipitia na gari, tukaenda Lorraine Motel, alikouawa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968. Siku hizi ni makumbusho. Habari za King nilizijua. Sikujua alifuata nini Memphis. Alifuata wazoa taka. Tarehe 1 Februari mwaka huo Echol Cole na Robert Walker walijikinga mvua ndani ya lori la taka, mtambo wa kushindilia ukaanza kufanya kazi, ukawasaga. Siku kumi na moja baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma. Mabango yao yalikuwa na maneno manne: I AM A MAN, na hiyo AM imepigiwa mstari.

Nimejaribu kuyatafsiri nikashindwa. Mimi ni mtu? Mimi ni mwanamume? Kiswahili kinakulazimisha uchague. Kiingereza kimeyafunga yote mawili katika neno moja, na kwenye fundo hilo ndipo watu walipoonewa: ukimwita mzee wa makamo "boy", umemvua uanaume na utu kwa mkupuo mmoja. Naye akitaka kuudai utu wake, anaukuta umefungiwa ndani ya uanaume. Wanawake walioandamana nao je, wangeshika bango gani? Wala sisi tusijisifu. Neno "mtu" tunalo, lakini mtoto akilia tunamwambia ajikaze kiume.

Mzee akaniambia huo ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni kwamba huyohuyo "boy" aligeuzwa mnyama wa kutisha pale ilipofaa. Ida B. Wells, mwanahabari mweusi, alikuwa na gazeti hapahapa Memphis. Mwaka 1892 rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili, watu wa duka lililomnyang'anya mfanyabiashara mzungu wa jirani wateja, walitolewa jela na genge la wazungu wakapigwa risasi. Wells akaanza kuchimba, akaandika kwamba kisingizio cha watu weusi kubaka wanawake wa kizungu ni uongo uliochakaa. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwa. Uanaume wa kizungu ulijivunia kuwa mlinzi wa mwanamke, na mlinzi asiye na adui hana kazi. Mwaka 1955, jimbo la jirani la Mississippi, Emmett Till aliuawa kwa kudaiwa kumchokoza mwanamke mzungu. Alikuwa na miaka 14. Babu yangu mwenye hamsini ni boi, huyu mtoto ni dume la kuogopwa.

Kwetu nako tumo. Theodore Roosevelt, aliyehubiri Chicago mwaka 1899 kwamba taifa linajengwa na wanaume wa maisha ya jasho, alishuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda, ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Mizigo ya safari hiyo ya kiume ilikuwa vichwani mwa wapagazi wetu, watu wazima. Alirudi kwao mwaka uliofuata, na tarehe 4 Julai, mjini Reno, Jack Johnson, bingwa mweusi wa ndondi za uzito wa juu duniani, akamtwanga Jim Jeffries, bingwa mzungu wa zamani aliyetolewa kwenye kustaafu makusudi ili mkanda urudi kwa wazungu. Watu weusi walishambuliwa miji mingi. Roosevelt, ambaye ujanani alicheza ndondi, akaandika kwamba mapambano ya kulipwa sasa yakomeshwe! Mwaka 1912 Bunge la Marekani likapiga marufuku filamu za ndondi kusafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo. Ngumi zilikuwa shule ya wanaume mpaka aliposhinda mwanafunzi asiyetakiwa.

Babu, kabla ya kuwa mpishi, alivaa kipande, kitambulisho walicholazimishwa Waafrika na sheria ya kikoloni, shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Sheria hiyo iliwabana wanaume. Wakati wa kodi na kazi walihesabiwa wanaume, wakati wa kuitwa waliitwa watoto.

Juzi binamu yangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba anatafuta shamba boi. Nikamwuliza anataka wa umri gani.

"Mtu mzima mwenye familia," akajibu. "Vijana wananisumbua."