Baba ndiye mwenye mimba

Nimemwona kwa macho yangu, jamani! Ghuba ya Chwaka, Unguja, maji yamekupwa, katikati ya majani ya bahari: samaki mwembamba wa kijani, mkia kauzungusha kwenye jani. Tumboni kabandikwa safu za mayai, yako nje nje, hayana mfuko wala kifuniko. Na huyo ni dume.

Kwa Kiingereza huitwa pipefish, ni ndugu wa farasi wa baharini. Jike humkabidhi mayai, naye huyarutubisha na kuyabeba mpaka yaanguliwe. Spishi nyingine za ukoo huu zina mfuko kabisa, na humo baba huwapa watoto hewa na hata chakula. Kuna wa Ghuba ya Mexico ambao utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa dume akipewa mayai na jike mkubwa, watoto wengi zaidi hupona kuliko wa jike mdogo. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote.

Huyu wangu wa Chwaka anafanana mno na majani anamoishi. Ndiyo maana juya, ule wavu wa kukokota, likikokotwa juu ya majani hayo naumia: linang'oa makazi, linambeba na baba pamoja na kizazi chake chote.