Siku moja maishani mwangu: kufundisha vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia

Watu wakisikia nafundisha Kiingereza watu wazima, wengi hudhani kazi yenyewe ni kusoma orodha ya maneno darasa likaitikia. Hii hapa siku nzima ya somo moja tu: vitenzi vya maneno mawili au matatu vinapoingia kwenye kauli ya kutendwa. "The meeting was called off." (Mkutano ulifutwa.) "I was told off." (Nilikaripiwa.) "She was brought up by her aunt." (Alilelewa na shangazi yake.) Ni sentensi za kazini, za simuni, za nyumbani, na ndizo zinazomwangusha hata mtu aliyefaulu mitihani yote ya sarufi. Lile neno dogo la mwisho, "off", "up", "after", darasani kwangu tunaliita mkia.

Saa kumi na mbili asubuhi nasahihisha madaftari. Kosa linaloongoza ni mkia uliodondoka: "The baby is looked by her grandmother." Imekosekana "after", na bila hiyo hakuna kulea. Sioni uzembe hapo. Kiswahili hubeba kila kitu tumboni mwa neno moja. Tukisema "alichekwa", ile "at" ya "he was laughed at" haionekani popote. "Uliahirishwa" ni neno moja, lakini Kiingereza kinataka matatu, "was put off", na mtu akishaandika "was put" anahisi mzigo umeshatuliwa. Kwa hiyo siandiki neno lililokosekana pembeni. Nachora kisanduku kimoja kinachozunguka kitenzi na nafasi tupu ya mkia, ili mwenye daftari aone kwamba viwili hivyo ni kiungo kimoja.

Saa mbili, darasa la kwanza. Ubaoni naandika "The manager called the meeting off." Nafuta "the manager". Nauhamisha "the meeting" hadi mwanzo. Kilichobaki ni "called", pengo, "off", na pengo lile linajifunga lenyewe: "The meeting was called off." Wanafunzi wengi huja na hofu ya kauli ya kutenda, kwa sababu humo lazima useme "call it off" na kamwe si "call off it". Kwenye kauli ya kutendwa hofu hiyo haina nafasi. Mtendwa ameshaondoka katikati, kwa hiyo hakuna cha kupachika. Naanza na habari hii kwa makusudi, maana vitabu vingi huiweka mwisho kana kwamba ni ngumu zaidi.

Kisha tunabadilisha nyakati: is called off, was called off, has been called off, is being called off, will be called off, must be called off. Kinachobadilika ni "be" na wasaidizi wake. "Called off" haiguswi. Dakika kumi na mbili zatosha, mradi umbo la tatu la kitenzi liwe sahihi: "put", "cut" na "set" hazibadiliki, ni "laid off" wala si "layed off", ni "taken over" wala si "took over".

Saa nne ndipo ugumu wa kweli unapoanza, na chanzo chake ni lugha yetu wenyewe. Mwanafunzi anaandika "The car was broken down on the road." Anatafsiri "gari liliharibika". Kwa Kiswahili gari halikutenda lolote, limetendeka tu, na kauli ya kutendeka yenye -ika inamsukuma moja kwa moja kwenye "was". Kiingereza hakina mlango huo. Kwa maana ya kuharibika, "break down" haina mtendwa, na kitenzi kisicho na mtendwa hakiingii kauli ya kutendwa. Ni "The car broke down", basi. Lakini "The door was broken down" ni sahihi kabisa, kwa sababu mlango umevunjwa na mtu. Swali la kujipima ni moja: nani alifanya? Ukiweza kujibu, hata kwa "mtu fulani", tumia kauli ya kutendwa. Ikiwa jambo limejitokea tu, iache sentensi katika kauli ya kutenda.

Halafu kuna "tumeishiwa karatasi". Masikio yanasikia -wa, mkono unaandika "We were run out of paper." Sahihi ni "We ran out of paper", au, ukitaka karatasi zitangulie, "The paper has been used up." Vilevile "nimeibiwa simu" huzaa "I was stolen my phone", ilhali kinachoibwa kwa Kiingereza ni simu: "My phone was stolen." Nyumba ikivunjwa na wezi ni "Our house was broken into." Ukiiacha "into", umesema nyumba yenyewe imevunjika vipande. Ila "tulinyeshewa" ni "We were rained on", na hapo lugha hizi mbili zinakutana. Nyuso za wanafunzi hubadilika wanapoiona, na nakiri kwamba hiyo ndiyo dakika ninayoipenda kuliko zote katika somo hili.

Saa sita mchana ana kipindi chake mwanafunzi wa peke yake, mtu mwenye cheo ofisini, muda wake saa moja kamili. Amekuja na barua aliyoiandika: "This complaint must be dealt urgently. The matter will be looked by our team." Nikamwonyesha mahali pa "with" na "into". Akakataa.

"Mwalimu, mimi nilifundishwa sentensi haimalizwi kwa kihusishi. Na vihusishi viwili havikai pamoja. Sasa 'into by' ni nini hiyo?"

Alikuwa na adabu, lakini hakutikisika, na saa ile ilikatika kipande kwa kipande. Nilianza na "dealt". Ikisimama peke yake kwenye "were dealt", mwenyeji wa lugha ataiwazia karata zinazogawiwa. Maana ya kushughulikia iko kwenye "deal with" nzima. Akasema basi aandike "with which it must be dealt". Nikamwomba aisome kwa sauti, kama anayezungumza na mteja kwenye simu. Aliisoma, akanyamaza, kisha akarudia kuwa sheria ni sheria.

Ikabidi nimweleze sheria hiyo ilikotoka. Mshairi John Dryden ndiye aliyemlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kumaliza sentensi kwa kihusishi, mwaka 1672. Mwaka 1762 Robert Lowth, mwandishi wa sarufi, alikiri kwamba tabia hiyo imeenea kwenye mazungumzo na inafaa uandishi wa kawaida, ingawa yeye mwenyewe aliona mtindo wa kukitanguliza kihusishi una heshima zaidi. Tena katika kauli ya kutendwa hakuna hata cha kuchagua: jina lililokuwa baada ya "with" limeshahamia mwanzo wa sentensi, kwa hiyo "with" inabaki pale ilipoachwa.

Tulihamia "into by". Nilichora mstari wa mshazari: "will be looked into / by our team". Cha kwanza ni mali ya kitenzi, cha pili kinamleta mtenda. Kipimo ninachompa kila mtu ni hiki: mwondoe mtenda. "The matter will be looked into." Sentensi imesimama. Sasa ondoa na "into". Imekufa. Alijaribu kipimo hicho kwa sentensi nne zake mwenyewe, polepole, akiniangalia kila mara kama kuna mtego. Nilipoandika "She is looked up to by everybody", yaani anaheshimiwa na wote, alikaa kimya muda mrefu. Mikia miwili ya kitenzi, halafu "by", vimepangana mstari mmoja.

Mwisho akauliza kwa nini asitumie vitenzi vya neno moja tu. Swali zuri, na jibu lake lina pande mbili. Kwenye barua rasmi, atumie: "postponed" badala ya "put off", "cancelled" badala ya "called off", "rejected" badala ya "turned down", "investigated" badala ya "looked into". Lakini masikio hayachagui. Mtu akimwambia kwa simu "It's being looked into", lazima aelewe palepale. Tulivuka muda wetu kwa dakika ishirini na tano, na darasa la mchana lilikuwa limeshafika mlangoni.

Baada ya hapo saa sizifuatilii tena. Miguu inauma, sauti inakwaruza, na somo lililobaki ni la sauti hasa. Wanafunzi hutamka "picked up" kwa mapigo matatu, "pik-ed-ap". Yapo mawili tu, na "t" inarukia upande wa pili: "pik-tap". "Called off" ni "kol-dof". Mkazo unaangukia mkia: called OFF, turned DOWN, worn OUT. Lakini kwenye "laughed at" na "looked at" mkazo uko kwenye kitenzi, na "at" haina mkazo, ingawa mwisho wa sentensi hutamkwa kwa ukamilifu wake bila kumezwa. Nagonga meza kwa kila mkazo. Ndiyo inayochosha kuliko yote, kwa sababu huwezi kufundisha mkazo ukiwa umekaa, na kwa sauti ya chini hausikiki.

Pana pia "na" yetu, ambayo ni mtenda na papo hapo ni mwenzi. "Nililelewa na bibi" hugeuka "I was brought up with my grandmother", kama kwamba bibi naye alikuwa mtoto wakalelewa pamoja. Ni "by". Ila si kila mahali ni "by": fed up with, made up of, cut off from, caught up in. Hizi sizielezi, ni za kukariri nzimanzima, mkia na kinachoufuata. Na "I was laid off" mara nyingi haitaji mtenda, kama ambavyo kwetu mtu husema "nimeachishwa kazi" na kila mtu akaelewa.

Darasa la usiku wamechoka kama mimi. Wametoka kazini moja kwa moja. Hapo sifundishi kanuni mpya. Nawapa kitenzi kimoja na viima tofauti, waone maana inavyogeuka. "The bank was held up": benki iliporwa kwa silaha. "I was held up": nilicheleweshwa. "The match was put off": mechi iliahirishwa. "I was put off by the smell": harufu ilinikinaisha. "He was taken in" yaweza kuwa amepewa hifadhi au ametapeliwa, na ni sentensi zinazoizunguka tu zitakazokuambia.

Karibu na saa tatu usiku naomba kila mmoja aandike sentensi moja ya kweli kuhusu wiki yake. Mama mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye mwezi uliopita alikuwa hathubutu kusoma kwa sauti, anasimama na kusoma: "My application was turned down, but I wasn't put off." Ombi lake lilikataliwa, lakini hakukata tamaa. Mikia yote miwili ipo, mkazo umekaa mahali pake. Naiandika ubaoni, na nafuta kila kitu kingine.