Neno highbrow na vipaji vyetu

Jumamosi nilikuwa kwenye feri ya Kamanga narudi Mwanza, nasoma mashairi ya Kezilahabi, jamaa ninayefanya naye kazi akachungulia akasema "aisee kaka, wewe mtu wa highbrow sana", yaani mtu wa mambo ya kisomi. Sikujua nishukuru au ninune. Nilipofika nyumbani nikaanza kulichimba hilo neno la Kiingereza na kwakweli limeniumiza.

Brow hapo ni paji la uso, high ni refu. Sasa kuna daktari wa Kijerumani, Franz Joseph Gall, mwishoni mwa karne ya 18 kule Vienna alifundisha kwamba ukipapasa fuvu la mtu unajua akili na tabia yake, watu wakaishia kuamini paji refu ni akili nyingi na paji fupi ni akili chache, na mambo hayohayo ya mafuvu yakaja kutumika kusema sisi watu weusi tuna akili ndogo. Elimu yenyewe ilishakufa, haikuwa na ukweli, ila neno limebaki! Kuanzia miaka ya 1880 highbrow ikawa mtu au kitu cha kisomi, opera, riwaya ngumu, ikaja lowbrow ya burudani za mtaani, miaka ya 1920 wakaongeza middlebrow ya katikati. Mmoja akikuita highbrow anakusifia, mwingine anasema unajikweza. Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza, yeye mwaka 1932 aliandika barua, hakuituma, kwamba anajivunia kuitwa highbrow ila atakayethubutu kumwita middlebrow atamchoma na kalamu afe.

Kiswahili kina kipaji cha uso na kipaji cha kuimba, sikioni ni neno moja, ila hicho cha pili kinatoka kwenye kupa, ni kitu umepewa, na anayetoa haangalii paji. Mi naona hapo tumewashinda wenye Kiingereza chao.

Na tena huyo Kezilahabi ni wa Ukerewe, hapa hapa ziwani. Nendeni Bujora, hapo jirani na Mwanza, mwezi wa sita kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, mkaone Wagika na Wagalu, vile vikundi viwili vya ngoma, wanavyoshindana, nyimbo zimejaa mafumbo mpaka wazee wanabishania maana, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi zaidi, muuza dagaa yupo, mwalimu yupo, wote wamesimama kwenye vumbi lilelile. Hiyo utaiweka juu au chini? Bibi yangu alizijua hizo nyimbo kwa kichwa na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.