Siku Mama Alipoulizwa Atakula Nini

Mwezi wa tano mwaka 2009 masika yalipiga vibaya Likoni, Mombasa, na Mama akateleza uani na ndoo ya maji. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Akafungwa plasta, vidole tu ndivyo vikabaki vimechomoza, na daktari akamwambia wiki sita asikande, asisukume, asikune nazi.

Kwa Mama maneno hayo yalikuwa mazito kuliko maumivu yenyewe. Kwa miaka 22 alikuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni petu. Saa kumi alfajiri karai lishabandikwa, saa kumi na mbili watoto wa jirani wamesimama na bakuli zao. Yeye sijapata kumwona ameketi akanywa chai ya asubuhi. Alikula wima, kando ya jiko, yale mahamri yaliyopasuka au kuungua ambayo hakuona haki kumuuzia mtu.

Nikajaribu kushika nafasi yake. Mahamri yangu yalitoka bapa, mazito, yamekunywa mafuta. Siku ya kwanza watoto walikuja wote, siku ya nne zikaja bakuli mbili. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliamka saa kumi vilevile, akakaa kwenye kigoda gizani, mkono mapajani, akinisikiliza nikihangaika. Hilo ndilo lililoniuma. Ijumaa sikuwasha jiko, na bado aliamka.

Jumamosi nikamwambia, "Mama, vaa buibui, twende mjini tukanywe chai."

"Kwani hapa nyumbani hakuna chai?"

"Ipo. Twende tu."

Tukavuka kwa feri, tukapanda matatu mpaka Posta, kisha kwa miguu hadi Kibokoni, mimi nimemshika mkono wa kushoto kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale vilikuwa vimejaa maji. Hoteli niliyomkusudia haikuhitaji bango. Harufu ya iliki ilikupokea kabla hujakata kona, halafu ukawaona watu wamesimama nje wanangoja viti: wachukuzi, wenye vibanda vya Marikiti, wazee waliotoka msikitini, madereva wa tuktuk. Ndani hakuna meza ya mtu. Unakaa palipo na nafasi, na jirani yako anakusogezea sukari.

Kijana mhudumu akaja na kitambaa begani. "Shikamoo, mama. Nikuletee nini?"

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu, kisha akanyamaza, akanigeukia mimi. Miaka yote swali hilo la asubuhi lilikuwa lake: mangapi, na mbaazi au bila? Sasa limemrudia na hakuwa na jibu. Nikamwagizia mimi.

Yalipoletwa, hakuanza kula. Alichukua hamri moja kwa mkono wa kushoto, akalipima uzito, akalibonyeza, ndipo akalipasua. Lilikuwa wazi ndani kama mfuko, kuta nyembamba, mvuke ukapanda. Akalichungulia kama fundi cherehani anayeigeuza nguo ya fundi mwenzake aone mshono. Kisha akachota mbaazi.

"Kasimile imetiwa mwisho kabisa," akasema, akimaanisha tui zito. "Ikachemka mara moja tu, ikaepuliwa. Haikukatika." Akatafuna kidogo. "Nani ayakanda haya?"

Mhudumu akacheka, akaingia nyuma ya pazia. Akatoka mzee wa kikoi na fulana, mikono imejaa unga mpaka juu. Kwa usemi wake alikuwa mtu wa Lamu. Akaitazama ile plasta, halafu vile vidole vilivyochomoza, vyenye madoa ya zamani ya mafuta ya moto.

"Wewe nawe ni wa karai," akamwambia.

Basi mimi nikasahaulika. Wakasemezana juu ya unga wa siku hizi, nazi zinazovunwa changa zisizotoa tui, kama ni bora kukanda usiku ukalaza au kukanda alfajiri. Mama aliyekuwa kimya wiki nzima alikuwa anabisha, anacheka, anaonyesha kwa mkono mmoja jinsi ya kumwagia hamri mafuta juu ili lifure. Akanishtaki pia: "Binti yangu huyu yamtokea bapa."

Mzee akanigeukia. "Tui walitia moto?"

Nikakiri. Nilikuwa naliinjika jikoni, nikidhani kwa joto lile unga utawahi kuumuka.

"Waiua hamira, mwanangu. Tia kidole kwanza. Kidole kikishindwa, na hamira itashindwa."

Kisha akamwita Mama jikoni. Kwenye meza ya mbao kulikuwa na unga umefunikwa kitambaa cheupe. Akamkatia donge, akaliweka mbele yake. Mama, kwa mazoea, akanyosha mkono wa kulia. Nikataka kumzuia, nikaacha. Akalibonyeza kwa vidole vile vitatu vilivyoweza kufika, polepole, akautoa mkono, na sote watatu tukasimama tukitazama shimo lile likijaa lenyewe.

Tuliporudi mezani chai ilikuwa imepoa. Mhudumu akaleta nyingine bila kuambiwa. Mama akala mahamri manne, akaagiza viazi vya karai, akanywa kikombe cha pili, akaomba cha tatu. Saa tatu ikapita. Nje watu bado walikuwa wanangoja viti na mimi nikaanza kuona haya, lakini sikumwambia tuondoke. Alikuwa ameegemea kiti, miguu ameinyoosha chini ya meza.

Kwenye feri nikaona unga umemganda ukingoni mwa plasta, nikatoa leso nimfute. Akauondoa mkono wake.

"Uache," akasema.

Jumapili alfajiri nilitia kidole kwenye tui, kikastahimili. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, taa imewashwa. Na mwisho wa Juni, plasta ilipokatwa, ule unga ulikuwa bado upo ukingoni, mgumu kama chokaa.