Kusubiri Protoni Cessy

Sahani ya wali na kuku katika mkahawa mmoja karibu na stesheni ya Cornavin, Geneva, ilinigharimu faranga 26, kama shilingi 4,000 za Kenya, na pilipili haikuwapo. Anayekwenda CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa fedha zake mwenyewe ni afadhali alale upande wa Ufaransa, Saint-Genis-Pouilly, ambako vyumba ni nafuu na viza ya Schengen ni ileile. Hasara yake ni kwamba kadi ya usafiri wa bure hupewa wageni wa hoteli za Geneva tu, kwa hiyo tramu namba 18 utailipia kila ukienda mjini na kila ukirudi. Jumba la maonyesho lililofunguliwa Oktoba 2023, kazi ya msanifu Renzo Piano, angalau halina kiingilio. Ni zuri, lakini halikuwa lililonipeleka.

Nilikuwa nakwenda Cessy, upande wa pili wa duara la kilomita 27 la LHC, mashine inayozungusha miale miwili ya protoni na kuigonganisha, ambako kigunduzi cha CMS, tani 14,000, kimewekwa mita 100 hivi chini ya ardhi. Mashine ikiwa kazini hakuna anayeshuka, mionzi hairuhusu. Mgeni huishia juu, kwenye chumba cha udhibiti. Ndugu mmoja anayefanya utafiti huko alinichukua kwa gari lake, tukaingia zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku.

Tulikuta migongano inaendelea. Kwenye skrini kubwa kuna mistari miwili, wa buluu na mwekundu, kila mmoja ukionyesha wingi wa protoni katika mwale wake. Hata sijapata kiti, yote miwili ikaporomoka hadi sifuri kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenye zamu aliandika kitu kwenye kompyuta, mwenzake akaenda kutafuta kahawa.

Mhalifu alikuwa vumbi. Ndani ya bomba la mwale, ambamo hewa imenyonywa karibu yote, punje ya mikromita chache huweza kudondoka na kukatiza njia. Protoni zinazoigonga hutawanyika na kumwaga mvua ya chembe kwenye sumaku zilizo jirani. Sumaku za kupinda mwale ni 1,232, kila moja ina urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35, na hufanya kazi kwenye baridi ya kelvini 1.9, ndani ya heliamu ya kimiminika, zikipitisha umeme wa ampea zaidi ya 11,000. Zikipata joto kidogo tu, waya zake za niobi na titani huanza kuwa na ukinzani, mkondo wote ule hugeuka joto, na kuipoza tena sehemu hiyo kunakula saa nyingi. Ndiyo maana vipima mionzi karibu 4,000 vimezungushiwa duara zima. Kimoja kikivuka kiwango chake, mwale hutupwa nje mara moja, bila mtu kuulizwa.

Kutupa nako kuna ufundi. Katika msafara wa mafungu ya protoni huachwa pengo tupu la mikrosekunde 3, ili sumaku za kusukuma mwale nje zifikie nguvu zake kamili pasipo protoni yoyote kupita hapo. Mwale huishia kwenye gogo la kaboni la mita karibu 8, na njiani huchezeshwa ili usitue mahali pamoja. Nishati yake ni karibu megajuli 400, ikitua sehemu moja gogo litaharibika.

Kisha ni kusubiri. Anayevuka Likoni kwa feri kila siku anakujua kusubiri kwa aina hii: chombo kipo, watu wapo, na bado hakuna kinachosogea. Kwanza sumaku hushushwa hadi kiwango cha kupokea protoni, ambacho ni GeV 450 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe, hutumika pia kwa masi; GeV moja ni MeV 1,000, na TeV moja ni GeV 1,000). Haidrojeni hutoka kwenye mtungi wa gesi, kisha mashine nne za kuongeza kasi hupokezana: LINAC4 huifikisha MeV 160, Booster GeV 2, PS GeV 26, na SPS hiyo 450. Hutangulizwa fungu moja dogo la majaribio. Likizunguka salama, hufuata mengine zaidi ya 2,000, kila moja likiwa na protoni zaidi ya bilioni 100. Kupandisha hadi TeV 6.8 kwa kila mwale huchukua dakika 20 hivi, kisha miale hubanwa kuwa myembamba kuliko unywele na kuelekezwa ikutane uso kwa uso. Hata mambo yakienda sawa, saa mbili huisha. Yetu yalichukua zaidi.

Katika kusubiri huko nikawasimulia habari ya tumbili. Tarehe 29 Aprili 2016, mnyama mdogo wa ukoo wa kicheche aliingia kwenye transfoma ya kilovolti 66 ya mashine hii, akafa, na mashine ikasimama kwa siku kadhaa. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Juni, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na Kenya ikawa gizani kwa saa kadhaa. Wetu alinusurika. Wa kwao wanamjua wote. Wa kwetu hawakuwahi kumsikia, na swali lao la kwanza lilikuwa transfoma ile ilikuwa ya kilovolti ngapi.

Miale iliporudi, nilitarajia shamrashamra. Zilibadilika namba tu. Mafungu hukutana mara milioni 40 kwa sekunde, na kila yakikutana hutokea migongano kama 60 kwa pamoja. Haiwezekani kuhifadhi yote. Saketi za elektroniki huamua ndani ya mikrosekunde chache na kubakiza matukio laki moja kwa sekunde. Kompyuta huyachuja hayo hadi kubaki elfu chache. Kilichotupwa hakirudi, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko vumbi: chembe mpya inayosafiri kidogo kabla ya kuvunjika inaweza kutupwa kwa sababu tu hakuna aliyeandika kichujio kinachoitambua.

Mwenyeji wangu hutafuta chembe nzito inayovunjika kuwa miuoni wawili, yaani chembe zinazofanana na elektroni ila ni nzito zaidi. Kimaandishi ni rahisi: chukua miuoni wawili, piga hesabu ya masi yao kwa pamoja, chora grafu, tafuta kilima. Taabu iko kwenye kupima. Muoni wa GeV 1,000 ndani ya kifuatilia njia, hata kwenye uga wa sumaku wa tesla 3.8, hupinda chini ya robo ya milimita. Vitambuzi vya silikoni vikiwa vimesogea kidogo kutoka mahali vinapodhaniwa, masi hukosewa, na kilima halisi husambaa na kuwa tambarare. Hivyo nafasi zake husahihishwa tena na tena kwa njia za chembe zenyewe, zikiwamo zinazotoka angani. Juu ya hayo, muoni mwenye nguvu hivyo akipita kwenye chuma huweza kumwaga chembe nyingine njiani na kuchafua vipimo vya nje.

Kilima nacho kinaweza kudanganya. Desemba 2015 CMS na ATLAS, kigunduzi kingine kwenye duara hilohilo, zote mbili zilionyesha ziada ya jozi za fotoni, chembe za mwanga, karibu na GeV 750. Wananadharia wakaandika makala mamia. Agosti 2016, kwenye mkutano wa Chicago, data ikiwa imeongezeka mara kadhaa, kilima kilikuwa kimeyeyuka. Ukitazama mahali pengi, mahali fulani patavimba kwa bahati tu. Ndiyo sababu ugunduzi hudai sigma 5, yaani uwezekano wa bahati tupu uwe chini ya moja kwa milioni, kiwango ambacho chembe ya Higgs ilikifikia mwaka 2012 kwenye GeV 125.

Njiani kurudi Saint-Genis nilikuwa nawafikiria walimu wa fizikia wa kwetu, wanaofundisha haya ubaoni bila hata namba moja ya kweli. CMS imeweka sehemu ya data yake wazi kwenye intaneti, likiwamo faili dogo la jozi laki moja za miuoni za mwaka 2010, ambalo programu ya kawaida ya majedwali inalifungua. Chagua jozi zenye chaji kinyume. Zidisha kasimwendo za mkingamo (momenta iliyo mkabala na mwale, pt) za miuoni wote wawili, kisha zidisha kwa 2, kisha kwa tofauti kati ya cosh ya tofauti ya eta na kosini ya tofauti ya phi (eta na phi huonyesha mwelekeo wa muoni). Kipeuo cha pili cha jibu ndicho masi. Mihimili yote miwili ya grafu iwe ya logi, la sivyo vilima vya masi ndogo vitakimeza cha chembe ya Z. Chembe ya J/psi utaiona kwenye GeV 3.1, upsiloni kati ya 9 na 10.5, na Z kwenye 91. Kilima cha Z kikikaa 45, angalia kama hukuisahau ile 2 na kugawanya kwa 2 badala yake.