Nilivyolipwa Mshahara Wangu Nikiwa na Plasta Mkononi

Malindi ukivunjika mkono, kabla plasta haijakauka ushapata mawakili wa barazani. Mmoja aliniambia niende NSSF. Mwingine akasema nijiandikishe kama mtu mwenye ulemavu nipate kadi. Binamu yangu, ambaye anaendesha tuktuk Kisumu Ndogo na hakuna asilolijua, akanishauri: "Hoteli ikikupa hizo siku saba za mshahara chukua ushukuru, wenzako hawapewi hata Panadol." Wote walikosea. Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa njiani, na pia, sifichi, kwa sababu nilishinda.

Mimi ni fundi wa matengenezo katika hoteli moja upande wa Casuarina. Kila mwaka masika yakianza kulegea tunapandishwa juu ya mapaa kubadilisha makuti, ili Wataliano wa Julai na Agosti wasinyeshewe wakila. Ngazi yetu ilikuwa ya mbao, inalia tangu mwaka juzi, na kila mtu alijua. Siku hiyo kusi linavuma, nina mzigo wa makuti begani, kipago kikakatika. Nilishuka na mkono wa kulia mbele. Mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiganja, na sauti yake niliisikia mwenyewe.

Supavaiza wangu alikuwa pale pale, na mpishi alitoka jikoni mbio. Hilo lina maana yake: sheria inataka mwajiri apewe taarifa ya ajali, kwa mdomo au kwa maandishi. Kama bosi wako hakukuona ukianguka, mwambie siku hiyohiyo, hata kama unalia.

Wiki ya pili nikapigiwa simu na dada wa ofisi ya wafanyakazi. Mpole, sauti ya asali. "Kaka, pole sana. Sasa sheria inasema ni siku 7 za mshahara kamili, halafu 7 za nusu mshahara. Baada ya hapo ni likizo bila malipo mpaka upone." Na kweli hiyo ya siku 7 na 7 ni sheria, imo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Lakini ni ya ugonjwa. Ni ya malaria, ya tumbo, ya mgongo ulioamka nao nyumbani kwako. Mimi sikuugua, mimi niliangushwa na kazi yao. Kuumia kazini kuna sheria yake, ya mwaka huohuo 2007, maofisini wanaiita WIBA. Hiyo inasema ukiumia kazini ukashindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unalipwa kwa vipindi kiasi kinacholingana na mapato yako mpaka urudi, mradi isipite miezi 12. Serikali inaweza kuweka kiwango cha juu na cha chini, lakini mshahara wa fundi haugusi dari hata ukirukaruka. Matibabu ni juu ya mwajiri, na mwajiri anatakiwa awe na bima ya mambo haya tangu kabla hujaanguka.

Haya nilielezwa na jirani yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye viwanda vya chumvi kule Gongoni. Watu wa chumvi wanaijua WIBA kuliko mawakili. Lakini kabla sijamsikiliza nilikwenda kwanza NSSF, kwa heshima ya mama mkwe, maana alikuwa ameshaniazimia nauli.

Nilipanga foleni pale na plasta yangu nikiwa nimeiinua juu isigongwe, nikionekana kama mtu anayeomba ruhusa darasani. Zamu yangu ikafika. Yule bwana wa dirishani akanitazama mkono, akanitazama uso.

"Baba, huo mkono utapona?"

"Daktari amesema utapona."

"Hakuna uwezekano kwamba hautapona?"

"Inshallah hakuna."

"Basi hapa huna chako."

Hakunidharau, alinieleza vizuri: fao lao la ulemavu ni la mtu asiyeweza tena kufanya kazi maisha yake yote. Mkono wa wiki kadhaa si mambo yao. Nilitoka pale nimeudhika kwamba napona, jambo ambalo mke wangu hajaacha kulisimulia. Habari ya kadi nayo ndiyo hiyohiyo. Ile ni ya watu wenye ulemavu wa kudumu, tusiwapangie foleni.

Basi nikachukua fomu. Inaitwa DOSH/WIBA 1. Kuna sehemu anajaza mwajiri na sehemu anajaza daktari. Mwajiri ana siku 7 tangu apate taarifa kuipeleka habari ya ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Siku 7 zilikuwa zimepita zamani na hoteli haijapeleka hata salamu. Nikaipeleka fomu mwenyewe kwa meneja, nikamwambia kwa adabu zote kwamba kama yeye ana shughuli nyingi, mimi nina mkono mmoja na muda mwingi, nitaifikisha mwenyewe ofisi ya kazi. Aliijaza kesho yake. Usigombane na meneja, mpe tu nafasi ya kuona kwamba huna haraka.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe sasa ndiyo mambo yanaanza.

Mtu wa bima akanipigia kutoka Mombasa. Akanisalimia, akaniuliza mkono, kisha akasema: "Mbona karatasi ya hospitali inasema ulianguka kutoka kwenye mnazi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa hivi. Siku niliyoanguka walinipakia tuktuk, na nilipofika hospitali nilikuwa sijielewi kwa maumivu. Aliyeulizwa kilichotokea ni dereva. Naye hotelini alisikia neno moja tu, "makuti, makuti." Basi akafikiri kwa akili yake ya Malindi: makuti yako wapi? Mnazini. Akamwambia muuguzi, "Ameanguka mnazi huyu." Muuguzi akaandika. Na mtu aliyeanguka mnazini hapa kwetu, sina haja ya kueleza watu wanamfikiria alikwenda kutafuta nini huko juu, asubuhi, na kibuyu. Mimi pombe sinywi, na minazi mara ya mwisho kupanda ni kabla sijabalehe. Lakini kwenye faili la serikali mimi ni mgema.

Nilirudi hospitali kuomba wafute. Hawafuti. Yule mama wa masjala alinikazia macho: "Mwanangu, kilichoandikwa kimeandikwa. Leo nikufutie mnazi, kesho mwingine atataka nimfutie ujauzito." Nikaona ana haki. Nilimwona daktari, akakubali kuandika kwenye sehemu yake ya fomu kwamba mgonjwa anaeleza alianguka kwenye ngazi kazini, na kwamba mvunjiko unaafikiana na maelezo hayo. Ikasaidia, ila bima wakasema hayo ni maneno yangu mwenyewe yaliyopitia kalamu ya daktari. Wanataka shahidi.

Ndiyo maana nakwambia, ukifika hospitali hata kama unaona nyota, sema neno "kazini" na uhakikishe limeandikwa. Usimwachie dereva.

Mashahidi wangu ni wawili, nao ghafla hawakuona kitu. Mpishi alikuwa na mkataba wa msimu, anaogopa usifanywe upya. Supavaiza aliogopa kwa sababu ngazi ile ilikuwa chini ya mikono yake. Maskini, hakujua kwamba sheria hii haitafuti ngazi ilikuwa ya nani wala ilioza lini. Hata ungeteleza mwenyewe unalipwa, ila kama ulifanya makusudi. Mimi sikuwa na haja ya kumtia mtu hatiani. Nilitaka mtu mmoja tu aseme nilianguka wapi.

Na ukimuuliza mtu mwenye hofu jambo hilo moja kwa moja, atakujibu "nipe muda nikumbuke." Nikakaa kibarazani na chai yangu nikafikiria. Huyu mzee, supavaiza, namjua. Anaweza kunyamaza juu ya mtu, lakini juu ya vifaa hawezi. Ukipoteza hata msumari wake atakuhadithia ulikopotelea. Nikachukua simu, nikaandika kwa kidole gumba cha kushoto, pole pole:

"Shikamoo mzee. Hii mvua naiogopea ile ngazi. Kama bado iko pale chini ya paa la mkahawa nilipoangukia, naomba itiwe bandani. Nikipona nitaitia vipago vipya."

Haikupita nusu saa, ujumbe wa sauti. Kunguru wanalia nyuma yake. "Marahaba mwanangu. Ngazi ipi tena? Ile ilipokuangusha, jioni yake tu mpishi aliipasua akaitia kwenye jiko la pizza. Mbao kavu ile, iliwaka sana. Wewe pona tu, usijisumbue na ngazi."

Nikaona sauti peke yake haitoshi, mtu wa bima atasema ni sauti ya shemeji yangu. Nikamwandikia: "La haula, jiko la pizza? Siku ileile ya Jumanne?" Akajibu kwa maandishi, "Ndiyo ileile. Wageni walikula ngazi." Na alama tatu za kicheko.

Hiyo nilipiga picha, nikatuma Mombasa. Ngazi, paa la mkahawa, Jumanne, na namba ya simu ya supavaiza wa hoteli. Mnazi ukakatwa pale pale. Yule mtu wa bima safari hii alicheka, akaniuliza kama pizza ilikuwa nzuri.

Nilimwambia mzee baadaye nilichofanya. Alininunia mpaka alipoona hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu kuoza kwa ngazi, halafu akaanza kuwahadithia watu kwamba yeye ndiye aliyenitolea ushahidi. Namwachia.

Muda wote huo shangazi yangu wa Barani alikuwa akipigana aikate plasta anipeleke kwa fundi wake wa mifupa, mkono mwepesi, mafuta ya nazi ya kusomewa. Sina neno na mafuta, plasta ilipotoka nilikandwa na nikafurahi. Ila mbele ya bima fundi wa mifupa hana muhuri. Kila mara daktari aliponiongezea mapumziko nilitoka na karatasi yenye tarehe na muhuri, nikapiga picha, nakala moja hotelini, moja nikabaki nayo. Kutoa nakala ni shilingi chache pale mjini, nauli ya tuktuk ndiyo inauma. Na madai usiyakalie. Mwisho ni miezi 12 tangu ajali, na miezi ya mtu aliyevunjika mkono inakwenda mbio.

Fedha zilikuja, zikiwa na malimbikizo ya zile siku za "likizo bila malipo". Nikazihesabu, nikaona pungufu. Walikuwa wamenilipa mshahara mtupu. Sheria inapohesabu mapato inaingiza thamani ya chakula anachokupa mwajiri, na ovataimu ikiwa ni ya kawaida yako, si ya kubahatisha. Ovataimu sikuwa nayo, msimu ulikuwa mbaya. Lakini chakula cha kantini tunakula kila siku ya kazi. Nikampigia yule dada wa sauti ya asali.

"Kaka, unadai wali wa kantini?"

"Wali na maharagwe, dada. Na Ijumaa samaki."

Akanyamaza, akasema ataangalia. Mwezi uliofuata kukaingia nyongeza, si nyingi, yatosha unga na sukari ya nyumba kwa muda. Mpishi alipopata habari alitaka kujua samaki walimthamini shilingi ngapi, maana yeye ndiye anayemnunua na anadhani ofisi inamwibia.